Mpiga upanga na mchawi: Kwa nini Dungeons & Dragons inahangaika kuwasawazisha kwa miaka 50 sasa

Kama uliangalia sehemu ya kwanza kabisa ya Stranger Things, hii utakuwa unaikumbuka. Watoto wanne wamezunguka meza kwenye chumba cha chini ya nyumba, zimwi limetokea, na zamu ni ya Will. Mmoja anampigia kelele arushe mpira wa moto. Mwingine anasema hapana, ajikinge kwanza, maana moto unahitaji dadu itoe 13 au zaidi. Will anarusha, dadu inadondoka sakafuni, inatoka 7.

Mchezo ule ni Dungeons & Dragons, au D&D, uliotoka Marekani mwaka 1974 chini ya Gary Gygax na Dave Arneson. Na tukio lile la sekunde chache limebeba ubishi ambao wachezaji hawajaumaliza mpaka leo. Angalia nani anasubiriwa pale mezani. Ni mwenye uchawi. Wengine wanapiga kelele tu.

Hakuna mshindi, sasa usawa wa nini?

Kwa ambaye hajawahi kuucheza: mtu mmoja ni msimamizi, anasimulia dunia ya hadithi na kuendesha mazimwi yote. Wengine, mara nyingi watu 3 hadi 5, kila mmoja ana mhusika wake. Unasema mhusika wako anafanya nini, unarusha dadu, kawaida ile yenye pande 20, na namba inaamua kama umefanikiwa. Kila mhusika ana fani yake: mpiganaji, mchawi, kasisi, mwizi na kadhalika. (Mchawi hapa si yule wa kumroga jirani. Ni msomi anayetembea na kitabu cha uchawi.)

Kwenye drafti usawa unaeleweka haraka, kila mtu anaanza na kete sawa. D&D haiko hivyo. Wachezaji wote ni timu moja na hakuna anayemshinda mwenzake. Ndio maana kila mjadala huu ukianza, lazima atokee mtu wa kuuliza: mchawi akimzidi mpiganaji kuna shida gani, si wanashinda wote?

Shida ni muda. Kikao kimoja kinaweza kula saa 3 au 4, na kinachogombaniwa pale si kombe. Ni nafasi ya kufanya kitu chenye maana kwenye hadithi. Mtu kaja na mpiganaji aliyemtengeneza wiki nzima. Mlango umefungwa, anajiandaa kuuvunja kwa bega, mchawi anatamka neno moja mlango uko wazi. Kuna korongo, mchawi anapaa. Adui anakuja, kabla hajafika ameshaungua. Hakuna aliyemkosea mtu. Ila saa 4 zimeisha na mpiganaji hajafanya jambo hata moja ambalo lisingefanyika bila yeye. Mtu wa hivyo hagombani na yeyote, anaanza tu kuwa bize siku za mchezo.

Fikiria mpira wa miguu. Hakuna anayemlaumu kipa kwa kutofunga mabao, kwa sababu penalti ikipigwa dakika ya 90 macho yote ni kwake. Usawa hauna maana kwamba wote wafunge. Mambo yanaharibika pale straika anapofunga, anarudi kukaba, halafu anadaka na penalti.

Mpango wa zamani: teseka sasa, utalipwa baadaye

Toleo la 1974 lilikuwa na fani tatu tu: mpiganaji, mtumia uchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa 1975 kwenye kitabu cha nyongeza kilichoitwa Greyhawk. Waandishi hawakujaribu kuwafanya watu hawa walingane kila siku. Mpango wao ulifanana na mkopo: mchawi anaumia mwanzoni, anavuna mwishoni.

Na kuumia kulikuwa kweli. Katika Advanced Dungeons & Dragons, toleo la mwishoni mwa miaka ya 1970, mchawi mpya alirusha dadu yenye pande 4 kupata pointi zake za uhai. Upanga mrefu ulikuwa unaumiza kwa dadu yenye pande 8. Yaani pigo moja la kawaida lingeweza kummaliza. Uchawi wake ulikuwa mmoja kwa siku. Akishautumia, anabaki mtu mwenye joho na kisu. Tena akipigwa wakati anautamka, uchawi wenyewe unapotea. Mwenzake mpiganaji alirusha dadu yenye pande 10 na kuvaa deraya yoyote aipendayo.

Kulikuwa na breki nyingine ambayo wengi wameisahau. Kupanda levo hakukuwa na bei moja. Kwenye sheria za Basic za mwaka 1981, mwizi alihitaji pointi 1,200 za uzoefu kufika levo ya 2, mpiganaji 2,000, na mchawi 2,500. Yule kiumbe wa msituni mwenye masikio marefu, ambaye anapigana na kufanya uchawi kwa pamoja, alidaiwa 4,000. Unataka vyote? Subiri.

Mpiganaji naye alikuwa na mafao yake ya uzeeni. Akifika levo ya 9 aliweza kujenga ngome, na askari wakaja wenyewe kumtumikia. Mchawi ana radi, mwenzake ana jeshi. Kwenye dadu hawakulingana, lakini kila mmoja alikuwa na sababu ya kuheshimiwa.

Tatizo la mkopo huu ni kwamba ulihitaji watu wacheze kwa miaka. Kampeni ikivunjika levo ya 3, mchawi ameteseka bure. Kundi likiamua kuanzia levo ya 10, anachukua mavuno bila kulima.

Breki zikaondolewa moja moja

Kampuni ya TSR iliyokuwa ikimiliki mchezo ilinunuliwa na Wizards of the Coast mwaka 1997, na toleo la tatu likatoka mwaka 2000. Lilikuwa safi na rahisi kueleweka. Fani zote sasa zilipanda kwa bei moja, pointi 1,000 kufika levo ya 2. Kumvuruga mchawi katikati ya kutamka kukawa kugumu kuliko zamani. Ngome na jeshi la mpiganaji vikaondoka kwenye fani yake.

Kila badiliko ukilitazama peke yake lilikuwa la busara. Ukiyaweka pamoja, mchawi alibaki na mavuno yote huku makato yamefutwa.

Mwizi ndiye aliyeumia kwa mfano unaoeleweka haraka zaidi. Yeye anaweka pointi zake kila levo kwenye ujuzi wa kufungua makufuli, na bado lazima arushe dadu, anaweza kushindwa. Mchawi kwenye toleo hilo angeweza kuwa na fimbo ya kufungua milango, bei yake vipande 4,500 vya dhahabu, yenye matumizi 50. Milango 50 bila kutoa jasho. Kwa levo za juu hiyo ilikuwa hela ya kawaida kabisa.

Halafu kulikuwa na druidi, kasisi wa msituni. Anajigeuza dubu, anaendelea kufanya uchawi akiwa dubu, na pembeni ana mnyama wake anayepigana. Utani uliozoeleka ulikuwa kwamba mpiganaji wa kundi ameajiriwa kufanya kazi ambayo tayari inafanywa na mnyama wa druidi. Wachezaji wenyewe walikuwa na namna fupi ya kuieleza hali yote: mpiganaji anakua kwa kujumlisha, mchawi anakua kwa kuzidisha. Kila levo mpiganaji anaongeza kidogo kwenye pigo lilelile. Mchawi anapata uchawi mpya wenye nguvu zaidi, anaongezewa idadi ya uchawi wa zamani, na ule wa zamani nao unazidi kuwa mkali.

2008: Walilingana kweli, watu wakalalamika

Toleo la nne, la mwaka 2008, liliamua kumaliza ugomvi. Fani zote zikapewa muundo mmoja: uwezo wa kutumia muda wowote, uwezo wa mara moja kwa kila pambano, na uwezo wa mara moja kwa siku. Mpiganaji akawa na mbinu zake za siku kama mchawi alivyo na uchawi wake. Kila fani ikapewa jukumu, kuna wa kukinga, wa kuumiza, wa kuongoza na wa kudhibiti uwanja.

Kwa namba, hakuna toleo lililokaribia usawa kama hili. Mpiganaji wake alikuwa mtamu kucheza: anamwekea adui alama, adui akijaribu kumshambulia mwingine anakula upanga. Hatimaye mtu mwenye deraya alikuwa na kazi ambayo hakuna mwingine angeifanya vile.

Lakini wachezaji wengi waliona kitu kimepotea. Mchawi na mpiganaji walisoma karatasi zinazofanana, wakatumia uwezo wao kwa mpangilio unaofanana, na uchawi ukaacha kuonekana kama uchawi. Mwaka 2009 kampuni ya Paizo ikatoa Pathfinder, iliyojengwa juu ya sheria za toleo la tatu, na umati ukahamia huko. Toleo la nne linasemwa vibaya kuliko linavyostahili, ila lilithibitisha jambo moja: watu hawakuwa wanaomba kufanana. Walitaka kuwa tofauti bila mmoja kumeza wengine.

2014: Usawa uliofichwa kwenye usingizi

Toleo la tano lilitoka 2014 baada ya majaribio ya wazi yaliyoanza 2012. Mengi ya zamani yalirudi. Mchawi alifungwa kamba mpya: uchawi mwingi mzito unahitaji umakini, na hawezi kushikilia umakini wa uchawi miwili kwa wakati mmoja. Kamba kubwa zaidi lakini haionekani kwenye karatasi ya mhusika. Iko kwenye kulala.

Chukua wahusika wawili wa levo ya 5. Mpiganaji mwenye upanga wa mikono miwili anapiga mara mbili kwa zamu. Kila pigo ni dadu mbili za pande 6 jumlisha 4 za nguvu zake, wastani 11. Zamu moja, pointi 22 akipata yote. Mchawi ana mpira wa moto, dadu 8 za pande 6, wastani 28, na unaunguza kila aliye ndani ya mita 6 hivi kutoka katikati ya mlipuko. Mazimwi matatu yakiwa karibu karibu, hizo ni 84 kwa zamu moja. Anayewahi kukwepa anaumia nusu.

Ila mchawi huyu ana nafasi 2 tu za uchawi wa kiwango hicho, na anaweza kurudisha moja zaidi kwa pumziko fupi mara moja kwa siku. Zikiisha mpaka alale saa 8. Mpiganaji upanga wake hauishi. Hata ule uwezo wake wa kuchukua hatua ya ziada kwenye zamu unarudi kwa pumziko la saa 1.

Sasa piga hesabu ya siku yenye mapambano 7, kila moja raundi 3. Mpiganaji ana zamu 21. Tuseme mapigo mawili kati ya matatu yanapata, hapo ana kama 308, na zile hatua za ziada zinamfikisha 350 hivi. Mchawi anarusha mipira 3 ya moto, nusu ya mazimwi yanakwepa, anapata 189. Zamu 18 zilizobaki anarusha cheche ndogo isiyo na kikomo, wastani 11 ikipata, kwa kiwango kilekile cha kupata inaongeza 132. Jumla 321, tukiacha uchawi wake mdogo mdogo. Wanakaribiana sana.

Geuza meza. Siku ina pambano moja tu la raundi 3. Mpiganaji, hata asipokosa pigo hata moja na akitumia hatua yake ya ziada, anaishia 88. Mchawi kwa mipira miwili tu ya moto, nusu ya mazimwi yakiwa yamekwepa, ana 126 na zamu moja mkononi.

Kitabu cha msimamizi cha 2014 chenyewe kilisema kundi linaweza kuhimili mapambano 6 hadi 8 ya ukali wa kati au mkubwa kabla ya kulala. Mizani yote imejengwa hapo. Lakini watu wenye kazi na familia, wanaokutana saa chache kwa wiki, mapambano 7 yanaweza kuwachukua vikao vitatu. Kwa hiyo wanafanya pambano moja kubwa lenye msisimko, halafu wahusika wanalala. Mchawi anaamka na kila kitu. Hakuna aliyevunja sheria, na mizani imeshavunjika.

Na hiyo ni vita tu. Nje ya vita, kuongeza mapambano hakusaidii kitu. Mpiganaji akitaka kupanda ukuta, anarusha dadu na anaweza kuanguka. Mchawi wa levo ya 5 akipaa, amepaa. Mmoja anaomba, mwingine anatangaza. Kufikia levo ya 17 mchawi anapata uchawi wa kutamka matakwa yake, wenye nguvu kuliko mwingine wowote wa kufa na kuzaliwa kwenye kitabu. Levo hiyohiyo mpiganaji anaongezewa mara moja ya uwezo aliokuwa nao tayari. Wanaobishana kuhusu namba za madhara mara nyingi wanaliruka hili, na ndilo linalouma zaidi.

Viraka na njia za pembeni

Tangu hapo kumekuwa na viraka. Mlinzi wa misitu mwenye mnyama wake alilalamikiwa sana, maana kwa sheria za 2014 ilibidi atumie hatua yake mwenyewe kumwamuru mnyama ashambulie. Unapata rafiki, unapoteza zamu. Kitabu cha nyongeza cha 2020, Tasha's Cauldron of Everything, kilileta mnyama mbadala asiyekula hatua hiyo.

Kitabu kipya cha wachezaji cha 2024 kimewapa wapiga silaha mbinu za silaha zenyewe: hii inamwangusha adui chini, ile inamsukuma, nyingine inaumiza hata ukikosa. La muhimu zaidi halina kelele nyingi. Kuanzia levo ya 2 mpiganaji anaweza kutumia akiba yake ya pumzi kuongeza dadu ya pande 10 kwenye jaribio aliloshindwa, mfano kupanda ule ukuta. Bado anaomba, ila sasa ana sauti kubwa.

Pathfinder ya pili, ya 2019, ilibana uchawi kuliko D&D ilivyowahi kuthubutu. Uchawi mwingi unakula hatua 2 kati ya 3 za zamu, na ule wa kumaliza pambano kwa neno moja unapungua makali mbele ya adui wa levo ya juu. Matokeo? Malalamiko yakahamia upande wa pili, wapenda wachawi wakasema wamegeuzwa wapiga makofi.

Wapo pia waliokataa mchezo huu wa mizani tangu mwanzo. Ars Magica, ya mwaka 1987, inasema wazi kwamba wachawi ni wakubwa kuliko wengine wote na haiombi radhi. Badala yake wachezaji wanapokezana. Leo wewe ni mchawi, kesho unacheza msaidizi au askari wa ngome na mwenzako anang'aa. Mmoja wa waandishi wake wawili ni Jonathan Tweet, yuleyule aliyekuja kuongoza uandishi wa toleo la tatu la D&D.

Mchezo wa Buffy the Vampire Slayer wa 2002 ulifanya jambo jingine la akili. Shujaa ana misuli, marafiki zake ni watu wa kawaida. Lakini shujaa anaanza na pointi 10 za kubadili hadithi, na marafiki 20. Asiye na ngumi anapewa bahati, na kila mtu ana namna ya kuifanya hadithi imsikilize.

Kwa wanaocheza D&D leo bila kutaka kubadili kitabu, dawa nyingi ziko kwa msimamizi. Silaha ya ajabu ipatikane kwa anayeihitaji, si kwa mchawi mwenye mkoba umejaa. Jemadari wa mji azungumze na askari mwenzake, kwa sababu joho la mchawi halimtishi. Matatizo mawili yatokee kwa wakati mmoja, sehemu mbili tofauti, mtu mmoja asiweze kuyafuata yote.

Ila ya kwanza ni kuondoa usingizi wa bure. Mchawi amemaliza uchawi wake wote mkubwa kwenye pambano la kwanza, anasema tulale kwanza. Msimamizi hana haja ya kumkatalia. Anamkumbusha tu kwamba mateka atauawa alfajiri, na sasa hivi ni saa sita usiku.